Raba unavaa namba ngapi?

Tandika, Dar es Salaam

Shoga yangu Mama Zuhura,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, watoto wanakua, joto ndiyo hilo unalolijua. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Umepimwa presha, umepewa vidonge, daktari kakwambia "fanya mazoezi", basi, mwingine aingie. Mazoezi gani, wapi, na nani, hakusema. Hata mimi mwaka juzi niliambiwa hivyohivyo kwa habari ya sukari, nikatoka na karatasi yangu mkononi moja kwa moja mpaka kwa muuza maandazi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatiza.

Hapa mtaani tuna kikundi cha kutembea. Si jogingi. Jogingi unazijua, vijana wa Temeke na Mbagala Jumapili alfajiri, fulana za rangi moja, nyimbo juu, daladala zinawasubiri wapite. Nilijaribu kwenda nao siku moja, kona ya pili nikakaa chini. Chetu ni cha kina mama watu wazima, pamoja na mzee mmoja mstaafu wa bandarini mwenye filimbi ambayo hatujui nani alimruhusu kuipuliza.

Unakumbuka Desemba 2016, Mama Samia akiwa bado Makamu wa Rais, alipotangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi? Mimi na wewe tulitoka na raba mpya, tukapiga picha, mwezi wa tatu tukawa tumelala. Na hata tungeendelea, mara moja kwa mwezi mwili hausikii kitu. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Kwa hiyo sisi tunatoka Jumatatu hadi Ijumaa, saa 11 na nusu alfajiri, tunashika njia ya Uwanja wa Mkapa kisha tunageuza. Jumamosi wenye nauli wanakwenda Daraja la Tanzanite. Lile lina kilomita moja na kidogo, upepo wa bahari unakupiga usoni mpaka unasahau magoti.

Nesi wa kliniki alitupa kipimo cha mwendo: utembee uweze kupiga umbea, ila ukitaka kuimba taarabu pumzi zikatae. Kwa umbea tuko vizuri. Akatueleza kwamba msuli ukifanya kazi unajichukulia sukari kwenye damu, hata kama insulini imezembea, ndiyo maana dakika 10 tu baada ya kula si za bure. Tunaomeza dawa za sukari tunabeba pipi, isije ikashuka njiani. Ndala marufuku, maana kidonda cha mguu kwa mtu wa sukari ni kesi nyingine.

Sasa nikwambie aibu yetu. Mwezi wa kwanza tulikuwa tunatembea kila mtu kwa nguvu zake. Siku moja tumefika mtaani, tunanyoosha miguu, mwenzetu mmoja mwenye goti bovu hayupo. Tulimkuta amekaa kwenye baraza la duka lililofungwa, viatu kavivua kaviweka pembeni vizuri kama mtu aliyefika msikitini. Hakutulaumu. Akasema tu, "Nilikuwa nahesabu migongo yenu." Wiki mbili hakuonekana. Tukaenda kumwomba radhi na kilo ya sukari (ndiyo, sukari, wala hatukufikiria), na tangu hapo yeye ndiye anayetangulia. Wote nyuma yake, hata mzee wa filimbi. Asubuhi tunapita kumgongea geti, naye akichelewa tunasimama palepale. Nami siku nyingi nimeamka kwa sababu nasikia geti langu linagongwa, si kwa kuogopa sukari.

Jiandae na maneno. Nilipopungua kidogo, jirani aliniita pembeni akaniuliza kwa huruma, "Mama Salum, unaumwa?" Mwingine akadhani mume kanitesa. Na jihadhari na supu. Jumamosi tukitoka darajani kuna wanaokaa kwa mama lishe, kongoro bakuli na chapati mbili, kisha wanashangaa mizani haisogei. Mmoja wao anakuandikia barua hii.

Vidonge vyako usiviache, hata ukijisikia mwepesi. Presha haina adabu ya kubisha hodi.

Huko Morogoro mna ubaridi wa Uluguru na njia za kupanda taratibu, sisi tunakanyaga mchanga na moshi wa bodaboda. Tafuta wawili tu. Yule jirani yako anayeuza mboga, si huamka mapema? Mwanzie huyo.

Alhamisi nakwenda Karume kwenye mitumba, kuna kijana ananiwekea raba nzuri zenye soli laini. Niandikie namba ya mguu wako kabla ya Jumatano, na usinidanganye 38, miguu yako naijua.

Wako,
Mama Salum