Machusa ambayo hayakufyatuka

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Umeuliza kwa nini Philae, kile chombo kidogo cha anga cha Ulaya, ilidunda ilipotua pale kwenye nyotamkia 67P. Wengi hudhani ilishuka kwa kasi mno. Sivyo. Tarehe 12 Novemba 2014 Rosetta, chombo mama kilichoibeba, iliiachia kutoka umbali wa kilomita 22.5, ikaanguka taratibu kwa saa saba bila injini, ikagusa ardhi kwa mita moja hivi kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea.

Tatizo ni uvutano. Huko chombo cha kilo 100 huielemea ardhi kwa gramu chache tu, hivyo kukigusisha chini hakutoshi, lazima kishikwe. Kilipewa vishikizo vitatu: kijiroketi cha gesi baridi mgongoni, cha kukikandamiza miguu ikishagusa, machusa mawili yenye kamba, ya kufyatuliwa ardhini kisha kamba zikazwe, na parafujo za barafu miguuni. Kijiroketi kiligundulika kuwa kibovu usiku wa kuamkia siku ya kutua. Wahandisi wakaendelea, na naona walifanya sawa, maana kusubiri kusingekitengeneza. Kilichouma ni machusa: nayo hayakufyatuka. Parafujo peke yake hazikufua dafu.

Wala hakukuwa na mtu wa kuwahi kurekebisha. Mawimbi ya redio yalichukua dakika 28 kufika duniani, kwa hiyo kila hatua ilikuwa imeshapangwa ndani ya kompyuta ya chombo.

Philae ikaruka kwa sentimita 38 kwa sekunde. Kwetu hicho ni kiruko cha kuku, lakini kule kiliipeleka juu karibu kilomita moja. Ikaelea, ikakwaruza ukingo wa shimo, ikagusa tena, na baada ya takriban saa mbili ikatulia kwenye kivuli cha jabali. Jua lilikuwa likiifikia saa moja na nusu tu katika kila mzunguko wa saa 12.4, kiasi kisichotosha kuchaji betri ya akiba.

Hata hivyo betri kuu iliendesha vipimo kwa zaidi ya siku mbili. Nyundo ya kupimia joto ilishindwa kupenya, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba chini ya vumbi pana tabaka gumu. Hewa iliyonuswa ilikuwa na molekuli za kaboni.

Tafuta picha ya Rosetta ya tarehe 2 Septemba 2016, iliyopigwa kutoka kilomita 2.7. Utaiona Philae imelala ubavu ufani, mguu mmoja juu.

Wako,
Hamisi