Kutofungamana hakukuwa kukaa katikati kungoja nani atatoa zaidi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kidogo kuhusu haya maneno ya siku hizi kwamba Tanzania lazima ichague, ama Mchina ama Mmarekani, na kwamba siasa ya kutofungamana ya Mwalimu Nyerere, yaani kutojiunga na kambi ya Magharibi wala ya Mashariki, ilikuwa tu ya kukwepa kukwepa huku tunapokea misaada pande zote. Inaniuma kusikia hivyo, hasa kwa vijana wasomi, maana ukiangalia ile miaka ya mwanzo utakuta serikali changa kabisa inakataa hela, tena hela ilizokuwa inazihitaji.

Chukua suala la Wajerumani. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Ujerumani Mashariki wakafungua ubalozi Zanzibar, halafu Aprili 26 tukaungana, sasa Ujerumani Magharibi wao msimamo wao ulikuwa ukiwatambua wale wenzao basi wao na wewe mmemalizana, na wakati huo ndio walikuwa wanatusaidia kuanzisha jeshi la anga. Mvutano ukaenda miezi na miezi, mwisho serikali ikaamua Ujerumani Mashariki wabaki na ubalozi mdogo Dar es Salaam bila kutambuliwa kama nchi. Serikali ya Ujerumani Magharibi kule Bonn haikuridhika, Februari 1965 ikaondoa wakufunzi wake wa kijeshi. Mwalimu akawaambia basi chukueni na misaada yenu mingine yote. Hapo nchi haijafikisha hata miaka minne ya uhuru jamani! Hatukukimbilia kwa Mrusi kulipiza, Wakanada ndio wakaja kuendeleza mafunzo ya anga.

Mwaka huohuo mwezi wa kumi na mbili tukavunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Ian Smith na Rhodesia yake (Zimbabwe ya leo), ambako walowezi wachache wa kizungu walijitangazia uhuru na Uingereza haikuwazuia. Nchi za OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, zilikuwa zimekubaliana pamoja lakini ilipofika siku yenyewe nyingi zikarudi nyuma, sisi hatukurudi, na mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 ukaishia hapo.

Reli ya TAZARA, ile ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia, ndiyo watu wanaitaja kila siku kama ushahidi kwamba tulikuwa wa Mchina. Lakini tulianza kuomba kwa nchi za Magharibi na Benki ya Dunia, wakasema haitalipa, ndipo China ikakubali mwaka 1967, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, mkopo usio na riba. Na kitu ambacho wengi hawakitaji, kuelekea hukohuko Zambia Wamarekani walisaidia kujenga barabara na Waitaliano wakalaza bomba la mafuta, yaani wapinzani wa vita baridi wote wanafanya kazi kwenye njia moja kwa sababu sisi na Wazambia ndio tulijua tunataka nini. Hilo ndilo la kujifunza mimi naona, ujue kwanza unachotaka kabla mgeni hajakaa mezani. Na urafiki huo na wajamaa haukutuziba mdomo, Warusi walipoivamia Czechoslovakia mwaka 1968 serikali yetu iliwalaani wazi.

Sisemi ilikuwa raha, gharama ilikuwepo na nyingine ilikuja kudaiwa baadaye sana. Mwaka 1981 Salim Ahmed Salim alipogombea Ukatibu Mkuu wa UN Marekani walimpigia veto raundi kwa raundi, maana yeye ndiye alikuwa balozi wetu UN aliyepigania China iingie Umoja wa Mataifa mwaka 1971, na walikuwa hawajayasahau. Na kweli miaka ya mwisho ya Mwalimu nchi ilikuwa inategemea sana wafadhili, hilo lisemwe pia, lakini lisitumike kufuta yale ya 1965.

Sasa ombi langu kwako mhariri, wale maofisa waliokuwa Mambo ya Nje enzi hizo wamebaki wachache na ni wazee sana. Gazeti liwatume waandishi wawafuate, wawahoji taratibu, wawaulize hayo mazungumzo na Wajerumani yalikuwaje, nani alikuwa chumbani, nani alipinga uamuzi, na mchapishe kila wiki hata kama ni nusu ukurasa tu.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam