Barua ya wazi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali: sanduku lililo chini ya ngazi

Ndugu Mkemia Mkuu,

Yah: Kampaundi za bati zilizofichwa katika stoo za maabara

Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya kemia katika chuo kimoja hapa nchini, kazi ninayoifanya tangu mwaka 2006. Chuo sikitaji, na jina langu nitalileta mwenyewe ofisini kwako siku utakayoniita. Nina jambo la kukiri na jambo la kuomba.

Nianze na la kukiri. Siku mbili kabla kamati ya ndani ya chuo haijaja kukagua stoo yetu, niliagizwa niondoe rafuni chupa zote ambazo hazimo kwenye rejista. Zilikuwa 11. Nilizifunga moja moja kwa magazeti, nikazipanga kwenye boksi la karatasi za kuchapia, nikalisukuma chini ya ngazi, nyuma ya ndoo za mchanga wa kuzimia moto. Kamati ikaja, ikakagua, ikanywa chai, ikaondoka. Boksi limebaki palepale. Aliyeagiza ni mkubwa wangu, lakini mikono iliyobeba ni yangu.

Chupa 5 kati ya hizo ni za kampaundi za bati, na shida yake inaanzia kwenye neno lenyewe. Ukimtajia Mtanzania bati, anaona paa. (Mabati ya paa kwa kweli ni chuma kilichopakwa zinki, lakini nani atabishana na mtaa mzima?) Hata ukimweleza kwamba unasema bati halisi, hashtuki, wala hakosei: bati tupu ni metali pole, hupakwa ndani ya makopo ya vyakula, na utumbo hulifyonza kidogo mno.

Mambo hugeuka pale atomi ya bati inaposhikana na minyororo ya kaboni. Ikishika mmoja au miwili, tena mirefu, makali si mengi. Kampaundi za namna hiyo huchanganywa kwenye plastiki ya PVC ili isiharibiwe na joto. Ikishika mitatu, na minyororo ikawa mifupi, inapenya hadi kwenye ubongo. Ufaransa, mwaka 1954, waliuza dawa ya kumeza ya majipu iliyoitwa Stalinon. Ilikusudiwa kuwa na bati lenye minyororo miwili ya ethili, kumbe ndani mlikuwa na uchafu wa lile lenye mitatu. Ubongo wa wagonjwa ulijaa maji ukavimba, na watu takriban 100 wakafa. Kwa majipu! Kisa kingine kiliandikwa na madaktari mwaka 1987, cha wafanyakazi sita wa kiwandani waliovuta mvuke wa trimethili-bati, yaani bati lenye minyororo mitatu iliyo mifupi kuliko yote. Mmoja alifariki. Miongoni mwa waliobaki walikuwapo waliopoteza kumbukumbu, waliopungukiwa usikivu, waliokuwa wakali bila sababu, na waliokula bila kushiba.

Kloridi ya trimethili-bati ninayo, chupa moja. Ni fuwele nyeupe zinazoyeyuka kwenye nyuzi joto 38 hivi. Wewe unaijua Dar es Salaam ya Februari, na stoo yetu haina kiyoyozi. Nimewahi kuiinua chupa ile dhidi ya mwanga na kuona pembe za fuwele zimelainika kama sukari iliyopata unyevu, na kizibo kimeota weusi kwenye nyuzi zake. Sikukifungua.

Zimefikaje hapa? Kwa nia njema. Maabara fulani ya ng'ambo ilikuwa inahama, ikatupa zawadi ya shehena ya kemikali, nyingi zikiwa chupa nusu. Na wanakemia hawazipendi kampaundi hizi kwa ukaidi. Tangu John Stille alipoonyesha miaka ya 1970 jinsi bati na paladi (metali adimu inayochochea mmenyuko) zinavyounganisha kaboni na kaboni, hiyo imekuwa njia mojawapo nyepesi ya kujenga molekuli za dawa. Haidridi ya tributili-bati (bati lenye minyororo mitatu ya kaboni nne nne) nayo hung'oa atomi ya klorini, bromini au iodini na kuweka haidrojeni mahali pake, kazi safi kabisa. Mwanafunzi wa uzamili akisoma hayo kwenye jarida, kisha akaambiwa stoo tunayo bure, unadhani atafanya nini?

Wetu alifanya hivyohivyo. Alikuwa akivuta kloridi ya tributili-bati kwa sirinji, ndani ya kabati la kunyonyea mvuke lenye feni inayovuma kuliko inavyovuta. Alikuwa amevaa glavu zile nyembamba za hospitali. Tone likamwingia kati ya ukingo wa glavu na mkono wa koti. Hakusikia kitu. Alifuta kwa karatasi, akamaliza kazi, akanawa mikono, akaaga. Kampaundi hii ndivyo ilivyo: ngozi inaweza kukaa saa moja, hata saa nane, kabla haijaanza kulalamika. Kifundo cha mkono kilianza kumwaka akiwa kwenye daladala. Usiku ule alinipigia, nikamkuta zahanati, na kile alichokuwa nacho kilikuwa kama bangili nyekundu, upana uleule wa ukingo wa glavu, imeanza kutoa malengelenge.

Muuguzi alimuuliza, "Umeungua na nini, mwanangu?"

"Bati."

"Bati la moto?"

Ikabidi nieleze mimi. Yule mama hakuwa na kosa lolote. Alikuwa anajaza fomu, na kwenye fomu aliandika kaungua na bati. Kama dalili zingekuwa za kichwani na si za ngozi, fomu ile ingempeleka daktari wapi? Kijana alipona, alama imebaki. Kesho yake niliandika kwa mkono karatasi ya Kiswahili na kuibandika juu ya sinki: glavu za mpira mwembamba hazifai, vaa za nitraili, mbili kwa pamoja, na uzibadilishe mara zikiguswa na tone, koti lifungwe mkononi, ikikugusa vua nguo iliyolowa, nawa kwa sabuni na maji mengi dakika 15 hata kama huumwi, nenda hospitali na jina kamili la kemikali likiwa limeandikwa kwenye karatasi. Sehemu ya mwisho niliipigia mstari mara mbili.

Na taka zake? Hapa kuna maprofesa watakaokasirika. Miaka ya nyuma nimeona mabaki yakimiminwa kwenye sinki, bomba likifunguliwa ili "kuyapunguza makali". Sinki letu linaelekea baharini. Tributili-bati ndiyo iliyokuwa ikipakwa chini ya meli ili chaza na mwani wasing'ang'anie, hadi ikagundulika kwamba inawaotesha konokono jike wa baharini uume. Mkataba wa kimataifa wa kuipiga marufuku kwenye meli ulipitishwa mwaka 2001, ukaanza kazi Septemba 2008, na Mkataba wa Rotterdam, unaohusu biashara ya kimataifa ya kemikali hatari, nao umeiorodhesha. Konokono wengine huanza kuharibika kwa kiasi cha nanogramu 1 tu katika lita ya maji. Piga hesabu: chupa moja ya gramu 25 inatosha kufikisha kiwango hicho katika lita bilioni 25. Ukifungua bomba dakika tano umepunguza nini?

Siku hizi mabaki ya tributili tunayakoroga na maji yenye floridi ya potasiamu, yanaganda unga mweupe, tunachuja, tunaweka kwenye chupa na kuandika. Lakini bati halijaenda popote. Limegeuka tu kutoka kimiminika kuwa unga, na unga huo nao unasubiri chini ya ngazi.

Ndugu Mkemia Mkuu, ninaijua Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, na siombi ilegezwe. Ninachoomba ni muda. Serikali imewahi kutangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari, mtu anapeleka bunduki bila kuulizwa aliipata wapi. Tangaza kipindi kama hicho kwa kemikali zilizosahaulika katika maabara za vyuo na shule, hata miezi sita. Mtu aandike alichonacho, apeleke orodha ofisi yenu ya kanda, asiulizwe kwa nini hakikuwa kwenye rejista. Leo anayesema ukweli anajitafutia barua ya kujieleza, na anayesukuma boksi chini ya ngazi anakunywa chai na kamati. Mimi nimekuwa huyo wa pili.

Orodha zikishafika, wataalamu wako wataamua za kuchomwa na za kusafirishwa. Tanuri za saruji hufika nyuzi joto 1,450, na nchi nyingine huzitumia kwa taka za aina hii. Kama kuna zinazopaswa kuvuka mpaka, Mkataba wa Basel, unaohusu usafirishaji wa taka hatari kati ya nchi, una utaratibu wake. Hilo si la fundi kulipanga. La fundi ni kuhakikisha chupa haivuji na jina lake linasomeka, na lebo mbili kati ya zile tano zimeshaanza kubanduka. Nimezifunika kwa selotepu.

Ukituma mtu, aje asubuhi kabla ya saa mbili, wanafunzi wakiwa hawajaingia. Aje na glavu za nitraili, kwa sababu zetu zimekwisha tangu mwezi uliopita. Nitaziondoa ndoo za mchanga mwenyewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi sanifu maabara,
Dar es Salaam