Kaka, hela ya ada itaendelea kwenda kwa shemeji

Shikamoo kaka,

Barua yako nimeisoma, na maneno ya baba mdogo yamenifikia. Mnasema navunja nyumba ya watu kwa sababu hela ya ada ya watoto sasa namtumia shemeji badala yako. Mimi ni mzima. Baridi ipo, kazi ya usiku ipo, hayo tuyaache.

Kwanza mpe mama habari njema: tasnifu yangu imepita kwa alama za juu kuliko wenzangu wote, na jina langu limesomwa ukumbini. Nikageuka kuangalia walikokaa wazazi wa wenzangu, nikamtamani mama mpaka machozi yakanitoka.

Nilichoandikia tasnifu ni hili hili tunalogombania, nani ana kauli juu ya mali ndani ya nyumba. Usidhani nimekulenga wewe. Afrika Kusini ilipopanua pensheni ya wazee mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtafiti Esther Duflo aliwaangalia wajukuu waliokuwa wakiishi na wazee hao. Pensheni ilipoingia mikononi mwa bibi, wajukuu wa kike walinawiri, uzito na kimo vikapanda. Ilipoingia kwa babu, badiliko kama hilo halikuonekana. Na Burkina Faso, mtafiti mwingine, Christopher Udry, alionyesha mwaka 1996 kwamba shamba la mke lilitoa mavuno madogo kuliko la mume wake, zao lilelile, mwaka uleule, kwa kuwa samadi na nguvu kazi vilipelekwa zaidi kwa mume. Kaya nzima ikapata pungufu, kaka, pamoja na huyo mume.

Sasa lililoniuma. Kumbe laini ya simu ninayomtumia shemeji hela imesajiliwa kwa jina lako, na namba ya siri unayo wewe! Shemeji anaambiwa hela imeingia, halafu anaanza kuiomba. Hapo nimemtumia nani? Na usimbane kwa maswali, siye aliyeniambia. Ukimgombeza kwa ajili ya barua hii utakuwa umenigombeza mimi.

Mtu anayeomba hela ya daftari hawezi kukaa na wewe mkajadili kuuza kiwanja. Ataitikia tu, maana akikataa hana pa kushika. Kile kiwanja cha chini nusu yake ni jasho la cherehani yake, wewe unajua na mama anajua. Mwenye kitu kwa jina lake husema "hapana" na akasikilizwa, hata kama ndoa yake ni ya amani na hana mpango wa kwenda popote. Ndiyo maana hela ya kujengea sitaituma mpaka majina yote mawili yaandikwe kwenye hati. Hapo sirudi nyuma, hata baba mdogo akiitisha kikao.

Sikunyang'anyi ubaba. Wewe uliuza baiskeli yako ili mimi nisome, na siku ile ukumbini nilikukumbuka wewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Kwa nini basi mkeo asipate ulichonipa mimi?

Nijibu mwenyewe, usipitie kwa mama, anaumia akiwekwa katikati. Shemeji akishasajili laini yake kwa kitambulisho chake, anipigie yeye. Ada ya muhula nitaituma siku hiyohiyo.

Wabusu watoto.

Mdogo wako