Barua ya wazi kwa vijana wanaoiandaa Noli Me Tangere kwa jukwaa

Wanangu,

Salaam sana. Mpango wa maonyesho ya Noli Me Tangere, riwaya ya Mfilipino José Rizal, mlionitumia nimeusoma, na lile jedwali mlilolibandika ukutani pale mazoezini nimeliona. Upande mmoja majina ya wahusika, upande wa pili wanachowakilisha: Sisa ni nchi mama inayoteswa, María Clara ni usafi wa Ufilipino, Ibarra ni mageuzi, Elías ni mapinduzi, Padre Dámaso ni Kanisa. Nimefundisha fasihi mpaka nikastaafu, kwa hiyo majedwali ya namna hiyo nayajua. Ndiyo yanayouza miongozo. Kwenye mtihani yatawapa alama. Jukwaani yatawaangusha.

Hakuna mwigizaji awezaye kuigiza nchi. Ataigiza mama anayewangoja wanawe. Ile sura ya Sisa jioni isomeni polepole. Basilio na Crispín wanatumika kanisani, na usiku ule anawatarajia nyumbani. Amechuma nyanya kwa sababu Crispín anazipenda. Mzee Tasio, msomi ambaye mji mzima unamwita kichaa, amempa nyama kavu ya nguruwe mwitu na paja la bata. Mara anaingia mumewe, mcheza kamari. Anakula karibu vyote, anawaulizia watoto, anamchukua jogoo wake wa kupiganisha, anakwenda zake. Sisa anabandika wali upya na kuhesabu samaki waliosalia: watatu. Kila mtoto atapata mmoja na nusu. Yeye mwenyewe hamo katika hesabu.

Mkiigiza hesabu hiyo ya samaki vizuri, hakuna mtazamaji atakayehitaji kuambiwa Sisa ni nani. Nanyi mnataka kumfunika bendera ya Ufilipino anapokufa! Kwanza, bendera ile ilishonwa Hong Kong mwaka 1898, miaka 11 baada ya riwaya kuchapishwa na zaidi ya mmoja baada ya mwandishi wake kupigwa risasi. Pili, Rizal hakuhitaji bendera. Alipoandika jinsi Sisa anavyopitishwa mjini katikati ya askari wawili, watu wakimtazama, alikuwa na mama yake mwenyewe wa kumkumbuka: Teodora Alonso, aliyesingiziwa kesi ya kumtilia mtu sumu, akatembezwa kwa miguu kutoka Calamba hadi Santa Cruz na kufungwa zaidi ya miaka miwili, mwanawe akiwa bado mtoto.

Sasa Ibarra na Elías. Hapa jedwali lenu si kwamba limefupisha mambo, limekosea kabisa. Someni mazungumzo yao ndani ya mtumbwi. Anayeomba mageuzi ni Elías. Amekuja na maombi ya watu walioteswa: Guardia Civil, askari wa serikali ya Kihispania, wapunguziwe nguvu, watawa nao wapunguziwe. Anayekataa ni Ibarra, tajiri aliyesoma Ulaya miaka saba. Anasema taasisi hizo ni maovu ya lazima, kama dawa kali kwa ugonjwa mkali. Kisha njama ya Padre Salví, paroko wa San Diego, mji wa hadithi hii, inamwangukia, anasingiziwa uasi, na wanapokimbia ziwani ni yeye anayetaka kuwasha moto nchi nzima. Safari hii Elías ndiye anayemzuia, akiwafikiria wasio na hatia watakaoumia. Wamebadilishana viti. Ukimvika mmoja fulana ya mageuzi na mwingine ya mapinduzi toka onyesho la kwanza, utamlazimisha avue katikati ya mchezo.

Halafu kuna deni la damu kati yao. Babu mkubwa wa Ibarra ndiye aliyemshtaki babu yake Elías kwa kosa la kuchoma moto ghala, na ukoo mzima ukaangamia kwa hilo. Elías anaigundua siri hii akiwa amekwenda kumwokoa Ibarra. Kijana mtakayempa nafasi hiyo mwambieni asikunje uso haraka. Dakika ile ni nzito kuliko ile ya kupambana na mamba, ingawa najua mamba ndiye mliyemtengea fedha.

Mezani kwa Kapitani Tiago, tajiri anayejulikana kama baba wa María Clara, pia nataka mtulie. Tinola, supu ya kuku na maboga, inapakuliwa, na Padre Dámaso anaangukiwa na shingo tupu na bawa gumu, huku Ibarra, mgeni aliyetoka Ulaya juzi tu, akipata matumbo mazuri ya kuku. Kwetu sisi hakuna haja ya kumweleza mtu maana ya firigisi kwenda kwa huyu na si kwa yule. Padre anaponda boga, anaonja mchuzi kidogo, anatupa kijiko kwa kishindo na kuisukuma sahani. Uhasama wote wa kitabu unaonekana tayari kwenye bakuli hilo. Wenye ndugu Maskati au Doha waulizeni Wafilipino wanaofanya nao kazi namna ya kuipika, nao watawaeleza na riwaya yenyewe, kwa sababu sheria ya mwaka 1956 inataka Noli na mwendelezo wake, El Filibusterismo, zifundishwe shuleni.

Padre Dámaso asiwe kichekesho tu. Ni kweli anapayuka, tena aliamuru mwili wa Don Rafael, baba yake Ibarra, ufukuliwe na kuhamishiwa makaburi ya Wachina. Mvua ilikuwa inanyesha, maiti ni nzito, mchimba kaburi akaona heri azame kuliko kulala na Wachina, akamtupa ziwani. (Dharau hiyo kwa Wachina msiifute. Rizal ameionyesha ikitoka kinywani mwa mnyonge mwenyewe.) Lakini mtu huyohuyo mwishoni analia mbele ya María Clara, akimsihi asiingie utawani, kwa kuwa ni binti yake wa kumzaa. Ukicheza ukatili bila machozi hayo, umecheza nusu.

Na María Clara, jamani, mpeni akili. Barua ya Ibarra iliyotumiwa kumtia hatiani ilitoka mikononi mwake. Aliibadilisha na barua za marehemu mama yake, ambazo zingeanika siri ya kuzaliwa kwake. Alichagua heshima ya mama akamtoa mchumba. Msichana wa namna hiyo si ua la kuwekwa dirishani.

Doña Victorina na Doña Consolación, wake wawili wanaojifanya Wazungu, sitawapa nafasi kubwa. Poda na Kihispania cha kuungaunga vitawachekesha watu bila msaada wangu. Ila Consolación anapomlazimisha Sisa kucheza ngoma kwa kumchapa mjeledi, kicheko kikome. Yule ni mfua nguo wa zamani anayejifanya amesahau Kitagalogi, anampiga mwenzake.

Mmeniuliza jina la kitabu mlionyesheje. Ni maneno ya Injili ya Yohana, usiniguse. Katika utangulizi Rizal, aliyekuwa tabibu wa macho, anataja saratani isiyovumilia hata kuguswa kidogo, na anasema atauanika ugonjwa wa nchi yake kama watu wa kale walivyowalaza wagonjwa kwenye ngazi za hekalu, kila mpita njia apendekeze tiba. Msiandike hayo kwenye pazia. Kuna mwenye ukoma anayeomba mjini San Diego wakati wa sikukuu. María Clara anamsogelea na kumwekea kidani chake ndani ya kikapu. Rafiki zake wanashtuka. Anayekuja kumshika yule mgonjwa kwa mkono ni Sisa, ambaye wakati huo akili imekwisha kumpotea. Mnaweza kuikata hotuba yoyote ya Ibarra, lakini mkono huo msiukate.

La mwisho ni la matumizi. Mnalalamika kwamba fedha hazitoshi. Rizal naye alikwama Berlin mwishoni mwa mwaka 1886 mpaka rafiki yake Máximo Viola akamkopesha peso 300, zikatoka nakala 2,000 mwaka 1887. Ili kubana gharama aliondoa sura nzima ya Elías na mpenzi wake Salomé. Siku hizi inapatikana ikiwa imechapishwa. Itafuteni: waigizaji wawili, kibanda kimoja, hakuna mamba.

Nitafika mazoezini Jumamosi baada ya alasiri. Atakayekuwa Padre Salví anisubiri, maana nasikia anapiga kelele sana, na mtu yule humtisha kila mmoja kwa kunyamaza.

Mwalimu wenu mstaafu