Barua ya wazi kwa vijana mnaotembeza wageni Posta

Wanangu,

Marahaba, maana najua mngeanza na shikamoo. Nawaona mara kwa mara pale Sanamu ya Askari, makutano ya Samora na Azikiwe, mmezungukwa na wageni na kofia zao, nami nikipita natega sikio. Mnasema vizuri. Mwaka 1927, sanamu ilipozinduliwa, hamuukosei. Sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, iliyosimamishwa hapo na Wajerumani kabla Waingereza hawajauteka mji na kuing'oa, mnaitaja. Bayoneti inayoelekea bandarini mnaionyesha. Kisha mnaingia kwa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na hapo ndipo mnaponiudhi.

Mnamsifu jinsi alivyowazungusha Waingereza toka Tanga mwaka 1914 hadi akasalimu amri Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wakati Ulaya bunduki zimeshanyamaza wiki mbili. Sibishi, vita alivijua. Lakini unga wake hakuubeba yeye. Wala Jenerali Smuts aliyekuwa akimfukuza hakubeba wa kwake. Kule kusini reli haikuwepo, farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o, kwa hiyo kila gunia na kila sanduku la risasi lilipanda juu ya kichwa cha mtu. Upande wa Waingereza peke yao wapagazi waliokufa wanakadiriwa kufika 95,000, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria na njaa. Na sanamu yenyewe inawataja! Someni maandishi ya pale chini: wapagazi wameitwa miguu na mikono ya jeshi. Mnapiga picha uso wa askari, hamuinami kusoma.

Halafu mnawapeleka wageni Kariakoo kununua vitenge bila kuwaambia kwamba wapagazi hao walipiga kambi pale, na jina la soko limetokana na kikosi chao. Mkipita na gari barabara ya Bagamoyo, waonyesheni makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, mawe yamepangwa kwa mstari, karibu kila moja na jina. Wapagazi hawakupewa mawe namna hiyo. Aprili 2021 waziri wa ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni kwao kwa jambo hilo hilo. Zaidi ya miaka mia baadaye, lakini haya.

Msidhani nawakataza kutaja makamanda. Mkwawa mtajeni, na mkifika kambi ya Lugalo semeni kwamba wakoloni waliiita Colito, kwa pigano la King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, kule Ethiopia mwaka 1941, na baada ya uhuru ikapewa jina la mahali Wahehe walipokivunja kikosi cha Mjerumani Zelewski tarehe 17 Agosti 1891. Ila msiishie kwenye ushindi. Katika msafara ule walikufa Wazungu wachache, askari weusi zaidi ya 200, na wapagazi pia. Mgeni akiuliza hao walikuwa upande gani, mwacheni swali limkae. Hata sisi limetukaa.

Na vita ya Kagera dhidi ya Idi Amin wa Uganda. Mimi nilikwenda nikiwa mgambo. Mnawataja Twalipo, Musuguri, Mayunga "Mti Mkavu", na mnafanya vyema. Musuguri mtajeni kwa urefu, maana alianza askari wa Mwingereza, akapigana Madagaska katika Vita vya Pili, akaja kuwa Mkuu wa Majeshi yetu, akafariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Ila toka Mutukula mpakani hadi Kampala, iliyoanguka tarehe 11 Aprili 1979, wengi wetu tulikwenda kwa miguu. Ile mizinga ya roketi ambayo askari wa Amin waliibatiza Sabasaba ilipanda malori. Makombora ya mota na masanduku ya risasi yalipanda mabega. Bega langu la kulia lina alama ya kamba mpaka leo. Pale Lukaya barabara inakatiza kwenye kinamasi, ukitoka pembeni unazama, na mzigo hauulizi.

Nyuma yetu mabasi na malori ya watu yalichukuliwa kupeleka jeshi. Mke wangu alibaki Ilala akipanga foleni ya sukari na sabuni, jiwe lake likimshikia nafasi huku yeye anawahi nyumbani kunyonyesha. Mwalimu alituomba miezi 18 ya kufunga mkanda. Miezi ikapita, foleni zikabaki. Yule mama naye alipigana vita ile, na sijasikia hata mmoja wenu akimtaja.

Basi watafuteni waliobaki, wapo Mbagala, Gongo la Mboto, Tandika, na wengi wamevuka miaka 65. Msianze na "uliua wangapi?" Akiwa na akili timamu atawafukuza. Muulizeni alibeba nini, alikula nini, nani alimwandikia barua za nyumbani. Muulizeni na mkewe, tena peke yake, maana mbele ya mzee atanyamaza. Akisema "hayo tuyaache", yaacheni, muulizeni wajukuu, mrudi wiki nyingine. Na alichowaambia msikiongezee chumvi kwa sababu mgeni anatoa bakshishi nono.

Mkitaka kuanza na mimi, baada ya alasiri huwa kibarazani hapa Ilala. Simu zije na chaji, na kahawa mje nayo, ya kwangu huisha mapema.

Mzee wenu,
Ilala, Dar es Salaam