Sato hawakui? Pima oksijeni saa 11 alfajiri kabla ya kulaumu chakula

Sato ana miezi sita bwawani, mifuko ya chakula imekwisha mmoja baada ya mwingine, na ukimweka kwenye mizani anasoma gramu 120. Mshitakiwa wa kwanza huwa chakula, wa pili vifaranga. Huenda kweli mmoja wao ana kosa. Ila kabla hujabadili mfuko, jibu swali hili: maji yako yana oksijeni kiasi gani alfajiri, kabla jua halijatoka?

Kipimo cha mchana kinadanganya. Mwani unaoyafanya maji kuwa ya kijani hutengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua, kwa hiyo saa 9 alasiri bwawa linaweza kusoma miligramu 10 kwa lita, hata zaidi. Jua likizama, mwani uleule unageuka mlaji. Unavuta oksijeni pamoja na samaki, na tope la chini lenye kinyesi, samadi na chakula kilichobaki linavuta pia. Maji hufika mahali pabaya kabisa kati ya saa 10 na saa 12 alfajiri, wakati mwenye bwawa amelala.

Tufanye hesabu ya bwawa la mita za mraba 300 lenye kina cha mita moja, yaani lita 300,000. Lina sato 900 wa gramu 250, jumla kilo 225. Jioni maji yakiwa na miligramu 8 kwa lita, bwawa zima lina gramu 2,400 za oksijeni. Kilo moja ya sato aliyelishwa hutumia kama miligramu 250 kwa saa, hivyo kwa saa 12 za usiku samaki wote wanamaliza takriban gramu 675. Hiyo inashusha kipimo kwa zaidi kidogo ya miligramu 2 tu. Ukikuta alfajiri kipimo ni 1, jua kwamba sehemu kubwa imeliwa na mwani na tope. Ndiyo maana kupunguza samaki peke yake mara nyingi hakuponyi bwawa lililojaa samadi.

Samaki anaishi kwa bajeti finyu. Lita ya hewa ina oksijeni karibu miligramu 280. Lita ya maji ya nyuzi 27 iliyoshiba oksijeni ina karibu 8 pale Dar es Salaam, na karibu 7 Mwanza, kwa sababu Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Oksijeni ikipungua, samaki hupitisha maji mengi zaidi kwenye matamvua, na kazi hiyo nayo inakula nguvu. Ikipungua zaidi, mwili unabana matumizi, na hamu ya kula hukatwa mapema, maana kumeng'enya chakula na kujenga nyama kunahitaji oksijeni nyingi: saa chache baada ya mlo matumizi yanaweza kukaribia kuongezeka maradufu. Chini ya hapo seli zinaanza kuvunja sukari bila oksijeni. Njia hiyo inatoa sehemu ndogo sana ya nguvu ambayo sukari ileile ingetoa, na inaacha asidi ya laktiki mwilini. Kukua hutokana na kinachobaki baada ya matumizi yote hayo, na hapa hakibaki kitu.

Kwa sato, miligramu 5 kwa lita na kuendelea ni salama. Kati ya 3 na 5 anakula, lakini usitegemee uzito mzuri. Chini ya 3 anasusa chakula, pumba na pesa zako zinazama kwenye tope. Chini ya 1 anaweza kuvumilia saa kadhaa, na uvumilivu huo ndio mtego: hafi, kwa hiyo hujui kwamba kila usiku anadumaa. Kambale ana kiungo cha kuvutia hewa juu ya maji, lakini vifaranga vyake vichanga bado hawana. Tena oksijeni ikiwa chini, bakteria wanaosafisha amonia hulegea, na amonia haimwonei huruma hata kambale.

Marekebisho mengi hayagharimu kitu. Lisha saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, usilishe saa 12 jioni. Mlo wa magharibi unafika kilele cha mmeng'enyo wakati maji yanazidi kuishiwa. Siku ya mawingu mazito punguza chakula nusu. Zamisha mkono wima majini: kiganja kikipotea kabla maji hayajafika katikati ya kigasha, mwani umezidi, simamisha samadi. Kiganja kikionekana hata maji yakifika kiwiko, uko vizuri.

Ukikuta samaki wamejaa juu wanachapa midomo, usilishe siku hiyo na usikoroge tope. Chukua pampu ya umwagiliaji, vuta maji ya juu ya bwawa na uyarushe hewani yarudi kama mvua mpaka jua likolee. Maji ya kisima kirefu yanaweza kuwa na oksijeni kidogo kuliko bwawa lenyewe, kwa hiyo nayo yarushe, usiyamwage kwa bomba lililozama. Kama kuna waliokufa, tazama saizi: oksijeni huanza na wakubwa, wakati sumu mara nyingi huanza na wadogo.

Kuhusu mashine za kuingiza hewa majini, tunauza lakini tutasema ukweli. Mashine ya makasia ya nguvu farasi 1 inafaa bwawa lenye samaki kama kilo 500. Ukiiweka kwenye mita 300 za mraba itachimba tope. Mawe ya hewa, yale ya kutoa mapovu, kwenye kina cha mita moja hayafanyi kazi kubwa, mapovu yanapanda juu kabla hayajayeyusha kitu. Kwa bwawa dogo, pampu na bomba lenye matundu, kuanzia saa 6 usiku hadi jua litoke, vinatosha. Na kama alfajiri unasoma 5 na kuendelea, usinunue chochote.

Kipima oksijeni kirekebishe kwanza hewani, ukiingiza mwinuko wa mahali ulipo. Pima sentimita 30 chini ya uso na tena karibu na sakafu, ukikitikisa polepole mpaka namba itulie. Tuletee vipimo vya alfajiri tatu mfululizo, kina cha bwawa na uzito wa samaki kumi, tukae tupige hesabu ya bwawa lako.